Mlinzi wa getini ana jina



Ukisafiri kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, utawakuta walinzi kila mahali: kwenye maghala ya korosho, benki, shuleni, hata kwenye geti la kanisa lako. Tunawapungia mkono na kupita. Je, umewahi kumuuliza mmoja wao jina lake?

George Lilanga, Mmakonde wa kusini mwa nchi yetu aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa mlinzi wa namna hiyo. Alijua kuchonga, lakini alipofika Dar es Salaam kutafuta riziki mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi aliyoipata ilikuwa kulinda usiku Nyumba ya Sanaa. Miongoni mwa waanzilishi wa kituo hicho alikuwa mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Kazi za mikono ya mlinzi zikaonekana, naye akapewa nafasi ya kuwa msanii palepale alipokuwa akilinda. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani. Baadaye kisukari kilimpotezea miguu, lakini hakuacha sanaa. Alifariki mwaka 2005, jina lake likijulikana ng'ambo.

Utasema, "Lakini alichora mashetani ya simulizi za Kimakonde, nijifunze nini kwake?" Basi jifunze kwa waliomwona.

Tunaposoma Mathayo 25 tunamlaumu mtumwa aliyefukia talanta yake. Hata hivyo, talanta nyingine tunazifukia sisi: mzazi anayemwambia mwanawe kuchora si kazi, mzee wa kanisa anayemwita mtu "mlinzi" miaka sita bila kujua jina lake. Katika Kutoka 31, Mungu alimwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho ili afanye kazi ya ufundi. Fundi huyo hakuwa kuhani.

Wewe unayekesha lindoni ukiwa na penseli mfukoni, sikuambii uache kazi kesho. Watoto wanahitaji kula. Lilanga naye alianzia getini. Ila usikifukie ulichopewa.

Nawe unayekwenda ibadani leo, simama kidogo pale getini. Muulize jina, kisha umuulize mikono yake inajua kufanya nini. Huenda Mungu amekuchagua wewe uwe wa kwanza kuuliza.

Jumapili njema.