Mvua imenyesha, mbona sukuma bado ghali?

Ukiishi Pipeline, Umoja au Githurai, huhitaji kuambiwa kuna kiangazi. Utajua tu mfereji wa ploti ukikoroma bila kutoa tone, mwenye mkokoteni akija na bei mpya ya mtungi wa lita 20, na mama mboga akikupa fungu la sukuma lililokonda, majani yamejikunja. Maji na mboga, shida yao ni moja.

Tuguse ya darasani kidogo. Jani lina vitundu vidogo sana, macho matupu hayavioni. Hapo ndipo mmea huvuta hewa ya kaboni ya kujipikia chakula, na hapo hapo maji hutoka kama mvuke. Jua likiwaka na udongo ukikauka, mmea huvifunga usije ukafa kiu. Sasa hesabu: ukifunga, chakula nacho kinakatika. Unabaki hai lakini haukui. Ndiyo maana utaona mahindi yamedumaa na bado ni ya kijani.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya. Aprili 2023, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yalizidisha uwezekano wa ukame kama huo angalau mara 100. Sababu kubwa ilikuwa joto, ambalo lilifyonza hata ile mvua kidogo iliyonyesha. Kwa hivyo anayesema "tulieni, mvua itarudi tu" amepiga nusu ya hesabu.

Na ikirudi? Aprili 2024 ilirudi, ikasomba nyumba kandokando mwa Mto Mathare. Mvua ya kishindo ikipiga udongo mgumu haizami. Inakimbia mtoni na rutuba yote.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, linalojazwa na mito ya Aberdare. Msitu ule hunywa mvua na kuiachilia polepole, miezi hata baada ya mawingu kuondoka. Kila mti unaokatwa huko unagusa mfereji wako, hata kama hujawahi kufika Murang'a.

Una gunia la sukuma kwenye roshani? Mwagilia alfajiri au jioni, si saa saba mchana, na ufunike udongo kwa nyasi kavu. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni ya unga, hapana.