Mkataba wa Mchezaji si Kiapo cha Askari



Barabara itokayo Rusumo, mpakani na Tanzania, huingia Kigali kwa kupitia Kabuga, kisha huelekea Remera uliko Uwanja wa Amahoro. Habari za mpira hupita njia hiyo pamoja na shehena. Si ajabu basi kwamba mabishano ya Kabuga huwagusa Yanga na Azam kama yanavyowagusa Rayon na APR. Katika mabishano hayo swali moja hurudi kila mara: mchezaji mashuhuri anapomgomea mkuu wa klabu yake, je, huyo ni mtoro? Askari hulijibu upesi, kwani neno hilo analijua uzito wake. Lakini yafaa tulitazame kwa makini.

Mwezi wa Aprili 2020, viwanja vikiwa vimefungwa kwa ajili ya Korona, klabu ya Rayon Sports ilivunja mkataba wa mshambuliaji wake kutoka Ghana, Michael Sarpong. Sababu iliyotolewa ni maneno aliyoyasema hadharani dhidi ya Rais wa klabu, Munyakazi Sadate. Huyu alikuwa mchezaji aliyeisaidia Rayon kutwaa ubingwa wa 2018/19. Mwezi Agosti alikwisha kuwa Yanga, Dar es Salaam. Mwezi Septemba Bodi ya Utawala ya Rwanda ikausimamisha uongozi wa Rayon kwa migogoro ya ndani. Kwa hiyo katika muda wa miezi sita wote wawili, aliyefukuza na aliyefukuzwa, hawakuwapo tena mahali pao.

Kisa cha pili ni kirefu zaidi. Feisal Salum, ajulikanaye kwa jina la Fei Toto, ni kijana wa Zanzibar aliyetoka JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi, akajiunga na Yanga mwaka 2018. Mwishoni mwa Desemba 2022 aliaga, akaiwekea klabu shilingi milioni 112 za Tanzania, akiamini kwamba kwa fedha hizo amekwisha kuununua uhuru wake. Yanga, chini ya Rais wake Mhandisi Hersi Said, ilizikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba ulifungwa na pande mbili, nao ulikuwa unaendelea hadi 2024. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania iliamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga, na maombi yake ya mapitio yakagonga mwamba. Hata hivyo hakurudi uwanjani. Mama yake alilalamika hadharani kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari, na maneno hayo yakageuka mzaha midomoni mwa mashabiki, ingawa ndani yake mlikuwa na dai zito la maslahi. Wakati huohuo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika bila yeye. Ndipo Juni 2023, Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan alipowataka viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye Azam ikamnunua.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kamati haikusema kwamba Feisal ni mali ya Yanga, wala haikusema kwamba ni mtoro. Ilisema mkataba haukuvunjwa inavyopasa. Askari hula kiapo mbele ya bendera, na utii wake hauna bei. Mchezaji hutia sahihi karatasi yenye tarehe ya mwisho na kiasi cha mshahara, naye mwajiri hutia sahihi karatasi hiyohiyo. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuondoka, mradi aidai kwa maandishi na kuipa klabu siku 15 za kulipa. Aondokaye bila sababu ya haki hulipa fidia. Na akifanya hivyo ndani ya miaka mitatu ya kwanza, au miwili ikiwa alitia sahihi akiwa amekwisha kutimiza miaka 28, hufungiwa pia kucheza. Andy Webster wa Scotland, aliyeiacha Hearts mwaka 2006 baada ya kutoelewana na mmiliki wake Vladimir Romanov, alikuwa amekwisha kuuvuka muda huo. Mwaka 2008 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimtoza pauni 150,000, kiasi cha mshahara uliokuwa umesalia katika mkataba wake, ilhali klabu ilidai mamilioni.

Sisi wa majeshi tunayo sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, kwani APR ni klabu ya jeshi na Police FC ni ya polisi. Kuanzia 2012 APR ilitumia Wanyarwanda peke yao. Mwaka 2023 ikaanza tena kuwasajili wageni. Mgeni huyo, awe wa kutoka Ghana au Nigeria, huvaa jezi ya jeshi bila ya kula kiapo chake. Ofisa anayemwongoza hana amri juu yake isipokuwa ile iliyoandikwa katika mkataba, na mshahara ukichelewa, siku zile 15 huhesabiwa kwake kama kwa mwajiri mwingine yeyote.