Pumzi Inayokatika Usingizini (2): Kupima Bila Kumgusa Mgonjwa

Juma lililopita tuliishia kooni: misuli inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka katika damu, ubongo unashtuka, na mtu hutweta kisha akarudi usingizini asijue lolote. Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Wastani wa matukio 5 kwa saa ndio mwanzo wa maradhi. 30 ni hali kali.

Kwa desturi matukio hayo huhesabiwa maabara, mgonjwa akiwa amebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, halafu anaambiwa alale kama yuko kwake!

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliifanya simu ya kawaida isikilize mwangwi kama popo. Spika hutoa sauti ya kilohezi 18 hadi 20, ambayo watu wazima wengi hawaisikii; sauti hugonga kifua, ikarudi kwenye maikrofoni ikiwa imebadilika kidogo kadiri kifua kinavyopanda na kushuka. Walipoijaribu kwa wagonjwa 37 waliokuwa pia wamefungwa nyaya, hesabu zilikaribiana sana. Vyombo vingine hutumia rada, ambayo mawimbi yake hupenya shuka na blanketi.

Lakini vyombo hivi havioni hewa, vinaona mwendo. Ubongo ukiacha kutoa amri ya kupumua, kifua hutulia, na kazi ni nyepesi. Kwa aliyezibwa koo, na hao ndio wengi, kifua huendelea kuhangaika ilhali hewa haipiti. Hapo programu hukisia kwa dalili: mwendo unaofifia, kifua na tumbo kwenda kinyume, kisha pumzi kubwa ya ghafla. Oksijeni haipimwi kwa rada. Ndiyo maana wengine huongeza kifaa cha kubana kidoleni, na hapo “bila kugusa” imeshakwisha.

Kuna na suala la saa, ambalo watangazaji wa vifaa hawalitaji. Chukua mtu aliyepata matukio 24 katika saa 4 za usingizi: wastani wake ni 6, ni mgonjwa. Kama alikaa saa 2 nyingine macho kitandani, ametulia, na chombo kikadhani amelala, wastani unakuwa 4. Ameandikiwa kuwa mzima.

Kwa hiyo jibu baya la chombo cha nyumbani lipelekwe kwa daktari. Jibu zuri nalo lipelekwe, ikiwa bado unakoroma na kusinzia kwenye usukani.

(Itaendelea)