Mtoto wako ananunua nini ndani ya simu?

Wazazi wengi Wakristo tunajua kukemea kamari. Tunajua kibanda cha kubeti kilipo mtaani, na mtoto akionekana pale atakiona cha moto. Lakini ipo bahati nasibu nyingine isiyohitaji kibanda. Imo ndani ya gemu analocheza mtoto sebuleni, nasi tumetulia kwa sababu yupo nyumbani.

Iko hivi. Magemu mengi ya simu hupakuliwa bure, lakini ndani yake kuna duka. Mtoto hulipa pesa halisi, hupewa sarafu za gemu, kisha kwa sarafu hizo hununua kisanduku au pakiti iliyofungwa. Hajui kilichomo mpaka afungue. Katika gemu la mpira la EA Sports, pakiti hubeba wachezaji. Anaweza kutoka nyota mkubwa, lakini aghalabu hutoka wa kawaida. Mwaka unaofuata huja toleo jipya, na kikosi kile kilichogharimiwa hakihamii huko. Bwana alituonya juu ya hazina inayoliwa na nondo na kutu (Mt 6:19). Hii hata nondo haihitaji.

Tupige hesabu. Tuseme kisanduku ni shilingi 2,000, na nafasi ya kupata kitu kinachotamaniwa ni moja katika 100. Mtoto ataamini kuwa akifungua visanduku 100 lazima akipate. Sivyo. Kila kisanduku huanza upya, hakikumbuki vilivyotangulia. Watoto 100 wakitumia shilingi 200,000 kila mmoja, takribani 37 kati yao watatoka mikono mitupu.

Je, hii ni kamari? Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema ndiyo, kuhusu magemu kadhaa likiwamo FIFA 18, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu hizo nchini humo. Uholanzi nako EA ilitozwa faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ikaifuta. Wanasheria bado wanabishana. Mzazi hana haja ya kuwasubiri wamalize.

Najua mtu ataniuliza: "Padre, mbona parokiani tunauza tiketi za bahati nasibu?" Ni swali la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati ni miovu kwa asili yake. Inasema haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kuwa tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kipimo hicho kinatuhusu sote. Mama akinunua tiketi ya parokia kwa hela ya mboga, amekosea. Lakini tiketi ina siku ya droo, na baada ya hapo imekwisha. Kisanduku cha gemu hakina mwisho. Kinamngoja mtoto usiku na mchana, na sarafu za bandia zinamsahaulisha kwamba anatumia shilingi za baba yake.

Shilingi hizo ni ada. Ni dawa ya bibi. Nabii Isaya aliwauliza watu kwa nini wanatoa fedha kwa kitu kisicho chakula (Isa 55:2). Swali hilo tulipeleke kwa watoto, lakini lianzie kwetu. Baba anayebeti kila Jumamosi atamwambia nini mwanawe?

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Simu anayochezea mtoto isiwe na kadi ya benki iliyohifadhiwa. Weka namba ya siri idaiwe kwa kila ununuzi, na usimpe mtoto namba hiyo. Kagua miamala kila wiki, hata ile midogo, kwa maana haba na haba hujaza kibaba, na pia hukitoboa.

Ukikuta fedha imekwenda, usianze na fimbo. Mtoto aliyepigwa atajifunza kuficha. Kaa naye, mhesabu pamoja kilichotumika, na mpime kingenunua nini nyumbani. Leo mkitoka Misa, mwombe akuonyeshe gemu lake na duka lililomo.