Mafuriko ya Changamwe: Kutoka Kulinda Kizingiti hadi Kulinda Mteremko

Changamwe, eneo la bara lililo magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, hujulikana zaidi kwa gati za Kipevu, kwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, kwa kiwanda cha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, na kwa malori yanayopanga foleni kuelekea Nairobi. Sifa hizo za uchukuzi na viwanda hufunika habari nyingine inayowagusa kwa karibu zaidi wapangaji na wenye nyumba wa Chaani, Magongo, Migadini, Port Reitz na Bokole. Wakati wa masika, yaani mvua ndefu ambazo kilele chake Pwani ni mwezi wa Mei, na katika baadhi ya miaka wakati wa vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, sehemu za mabondeni hujaa maji, njia hukatika, na familia hulazimika kuamua kwa haraka kipi kiokolewe na kipi kiachwe. Wakazi wamejifunza mbinu nyingi za kujikinga, na mbinu hizo zinastahili heshima. Lakini ukweli wa ardhi yenyewe unaonyesha kwamba juhudi za kila nyumba peke yake, zijapokuwa za busara, haziwezi kutosha.

Changamwe si nchi tambarare ya kando ya mto. Uwanja wa ndege uko takriban mita 61 juu ya usawa wa bahari, na kutoka kwenye mwinuko huo miteremko hushuka kuelekea hori ya Port Reitz upande mmoja na hori ya Tudor upande wa pili, hori ikiwa ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, ambayo hunywa sehemu kubwa ya maji ya mvua, ilhali chini ya Changamwe kuna miamba laini ya udongo ulioganda kwa matabaka tangu zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, ambayo wanajiolojia waliipa jina la eneo hilihili. Udongo unaotokana na miamba hiyo ni mzito na wa kunata. Ukishalowa hujifunga, na mvua inayoendelea kunyesha haina pa kuzama, bali hutiririka juu juu na kuyafuata makorongo.

Ujenzi umeuongezea mteremko kasi. Mapaa ya mabati, barabara za lami na yadi kubwa za makontena zilizosakafiwa kwa zege hazinywi maji hata kidogo, na matuta ya barabara na reli yameyaziba baadhi ya mapito ya asili, yakiacha makalvati, yaani mabomba makubwa ya zege yanayopita chini ya barabara, kuwa njia pekee ya maji kupenya. Kalvati moja likizibwa na mchanga, chupa za plastiki na matawi, maji ya mtaa mzima hurudi nyuma na kutafuta njia milangoni mwa watu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, hatua iliyosaidia, lakini taka nyingine bado huishia mitaroni pale ambapo gari la taka halifiki.

Maji ya mteremko hukutana chini na maji ya aina mbili nyingine. Kwanza ni mito: Mto Mwache, unaotoka maeneo ya bara ya Kwale, humwaga maji yake upande wa Port Reitz, na mito ya Kombeni na Tsalu huishia katika hori ya Tudor; mvua ikinyesha mfululizo huko juu, mito hiyo hupanda na kushuka na tope jingi, hata kama Changamwe kwenyewe mvua imepungua. Pili ni bahari. Katika bandari ya Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa kupita kawaida, huzidi mita 3. Mvua kubwa ikisadifiana na bamvua, midomo ya mitaro iliyo karibu na hori huzamishwa na bahari, na maji ya juu hukwama mpaka maji yapwe, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa.

Kumbukumbu za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba vuli inaweza kuwa hatari kuliko masika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, kisha mvua za vuli za 2006, 2019 na 2023, zote ziliambatana na hali ambayo wataalamu huiita awamu chanya ya Dipoli ya Bahari ya Hindi, ambapo upande wa magharibi wa bahari hiyo, ulio karibu na Afrika Mashariki, hupata joto kuliko upande wa Indonesia, mvuke huongezeka na mawingu mazito husukumwa kuelekea Pwani. Mikoko, miti inayoota katika tope la maji ya chumvi na kuvunja nguvu ya mawimbi, nayo iliumia: tope lililoteremshwa na mvua za El Niño lilifunika mizizi yake ya kupumulia huko Mwache na kuua sehemu kubwa za msitu, na utafiti ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 Mwache ilipoteza karibu asilimia 45 ya mikoko yake, huku ukataji wa kuni na miti ya kujengea ukichangia.

Katika mazingira hayo mkazi wa bondeni huanza kinga yake mlangoni. Kizingiti cha saruji hupandishwa kimo cha tofali moja au mawili, magunia ya mchanga hupangwa mbele yake, na kijitaro huchimbwa kando ya ukuta ili kuyaelekeza maji kando. Ndani, miguu ya kitanda huwekwa juu ya matofali, gunia la unga hupandishwa juu ya meza, vyeti na vitambulisho hufungwa katika karatasi ya plastiki na kutundikwa ukutani, na umeme huzimwa kabla maji hayajafika kwenye soketi. Watoto na wazee hupelekwa kwa jamaa walio juu mlimani, na majirani husaidiana kuyateka maji kwa ndoo hadi usiku wa manane.

Mbinu hizo huokoa mali na uhai, lakini maji yaliyozuiwa kwenye kizingiti kimoja hayapotei, bali huhamia kwa jirani ambaye hakuwa na fedha za kununua saruji. Aidha, umiliki wa ardhi huwafunga wengi mikono. Mombasa ina utaratibu wa muda mrefu uitwao nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga na kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, akilipa kodi ya ardhi, kisha nyumba yenyewe, mara nyingi ya Kiswahili yenye vyumba vilivyopangana kando ya ukumbi, hupangishwa chumba kwa chumba. Mwenye ardhi haishi pale, mwenye nyumba huogopa kutumia fedha nyingi mahali anapoweza kuhamishwa, na mpangaji, ambaye ndiye anayelowa, hana mamlaka ya kuchimba mtaro.

Baada ya maji kupungua, hatari nyingine hubaki. Nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo, na mashimo yakifurika, uchafu huingia katika visima na njia za watoto, hivyo kipindupindu na homa ya matumbo huwa karibu. Kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa ya klorini, kuvifunika visima na kumpeleka mapema kituo cha afya mtu anayeharisha ni mambo yanayowezekana katika kila nyumba, na wahudumu wa afya wa jamii wanastahili kuwezeshwa kuyafundisha kabla ya mvua kuanza.

Yapo pia maarifa yanayopatikana tayari lakini hayajaunganishwa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu pamoja na tahadhari za mvua kubwa, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Mtu akiyasoma mawili hayo pamoja anaweza kujua ni siku gani mvua inayotabiriwa itaangukia bamvua; taarifa hiyo ikisomwa katika baraza la chifu, msikitini na kanisani, huwapa wakazi siku mbili au tatu za kujiandaa.

Mfano wa Dar es Salaam unafundisha zaidi. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora ramani za mitaro, makalvati, nyumba na sehemu zinazofurika, kazi iliyowezesha bonde la Mto Msimbazi jijini humo kutazamwa kuwa kitu kimoja badala ya mitaa iliyotengana. Changamwe ina vijana wenye simu za kisasa, ina vikundi vya kusafisha mitaro na vya kupanda mikoko, na ina wazee wanaokumbuka korongo lilipita wapi kabla ya yadi kujengwa. Ramani itokanayo na watu hao ingeonyesha wazi ni mtaro upi unaanza kwenye zege la nani na kuishia kwenye mlango wa nani.

Hapo ndipo wajibu unapopaswa kugawanywa kwa haki. Yadi za makontena, zinazomwaga maji mengi kwa mkupuo, zinaweza kutakiwa kuchimba mabwawa ya kuyapokea na kuyaachilia polepole. Wasimamizi wa barabara na reli wanaweza kupanua makalvati na kuyasafisha kabla ya mwezi wa Machi na wa Oktoba. Serikali ya kaunti inaweza kuhakikisha taka zinazolewa mitaani na kuwawekea wenye ardhi na wenye nyumba masharti ya kuacha nafasi ya mitaro. Na upandaji wa mikoko unaweza kufanyika pamoja na hifadhi ya udongo huko Kwale, kwani mche wa mkoko hauwezi kustahimili tope lisilokoma. Mkazi wa bondeni amekwisha kufanya sehemu yake kwa saruji, ndoo na magunia, naye hawezi kuendelea kubebeshwa peke yake gharama ya maji yanayoanzia kwa walio juu yake.