Kompyuta ikijaa, duka halifungwi

MUUZA pembejeo wa Kariakoo anajua la kufanya stoo yake ya Mtaa wa Mkunguni inapojaa mbegu na pampu za kupulizia dawa. Hafungi duka. Hukodi stoo ya pili mtaa wa jirani, humkabidhi mtunza stoo funguo, na mteja aliyetoka Mkuranga wala hajui mfuko wake umetolewa wapi.

Kompyuta nayo hujaa. Tangu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ianzishe mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, wafanyabiashara wengi wamegundua kwamba maandishi ya karatasi hizo hufifia, hasa zikikaa juani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Njia rahisi ni kupiga picha risiti na kuihifadhi.

Anayeumia kumbukumbu zikipotea si mwenye duka peke yake. Mkulima ambaye mbegu zake hazikuota hurudi kulalamika wakati mvua zimeshakatika. Duka lisipoweza kuonyesha aliuziwa mbegu za shehena gani, na siku gani, madai yake kwa kampuni ya mbegu hayana pa kusimamia.

Hesabu yake ni hii. Duka linalohifadhi picha 150 kwa siku, kila moja megabaiti 2, hutumia megabaiti 300. Kwa siku 300 za kazi ni gigabaiti 90 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni gigabaiti 450. Diski ya gigabaiti 500 inakaribia kujaa. Biashara ikiongezeka mara mbili, inajaa kabla ya mwaka wa tatu kwisha.

Kwa kompyuta kubwa za kati, ambazo wataalamu huziita meinfremu, tatizo hili ni la zamani. Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, zuio lililokuja kulegezwa baadaye. Mashine inayohudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja haiwezi kuzimwa kila diski inapojaa.

Dawa iliyopatikana inafanana na yule mtunza stoo. Katika mfumo wa Linux, ambao huendesha meinfremu na pia kompyuta ya mtumba ya dukani, diski kadhaa huingizwa katika kundi moja. Kutoka kundini hukatwa fungu la nafasi, linaloitwa volyumu ya kimantiki kwa sababu lipo katika hesabu za kompyuta tu, si kitu cha kushika mkononi. Programu za mauzo huona fungu, hazioni diski.

Nafasi ikipungua, fundi hufunga diski mpya na kuiandaa. Kwenye meinfremu, diski za aina ya zamani lazima kwanza zigawanywe upya katika vipande ambavyo Linux inavielewa, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu. Kisha diski huandikishwa katika kundi, halafu fungu huongezewa nafasi. Bado kuna hatua moja, na ndiyo inayosahaulika sana: mfumo wa mafaili uliomo ndani ya fungu nao unapaswa kutanuliwa. Bila hivyo ni sawa na kubomoa ukuta wa stoo bila kuongeza rafu, na kompyuta itaendelea kusema imejaa. Mara nyingi yote haya hufanyika huku mauzo yakiendelea.

Kutanua ni rahisi, kupunguza ni kazi ngumu, na baadhi ya mifumo ya mafaili haipunguziki kabisa. Kwa hiyo si busara kugawa nafasi yote siku ya kwanza. Wala hakuna haja ya kukopa ili kununua diski kubwa kuliko zote. Fedha iliyolala kwenye diski tupu ingeweza kununua mbegu za msimu.

Hatari ipo palepale penye faida. Fungu likitandazwa juu ya diski tatu bila nakala, diski moja ikifa fungu zima linaweza kupotea. Tuseme kila diski ina uwezekano wa kufa wa 3 kwa 100 kwa mwaka; kwa diski tatu, uwezekano kwamba angalau moja itakufa ni karibu 9 kwa 100. Ndiyo maana taasisi kubwa huweka diski pacha, kila kinachoandikwa huku huandikwa na kule.

Lakini diski pacha zilizo katika chumba kimoja huungua pamoja. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, na bidhaa za wafanyabiashara ziliteketea humo. Karatasi na kompyuta iliyo mezani haviwezi kusalimika katika moto wa namna ile.

Kwa duka la mfano huu, gigabaiti 450 za miaka mitano zinaenea katika diski moja ya nje, inayoweza kuondoka Kariakoo jioni ndani ya mkoba na kulala Temeke. Mara moja kwa mwezi ifunguliwe, na risiti mbili tatu za zamani zitafutwe humo kuona kama zinasomeka.