Anayeuguza Naye Apimwe

Mwaka 2010, katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Walikuwa wakitafuta demensia, yaani kuharibika kwa ubongo ambako mara nyingi huanza na kusahau na kuishia kwa mtu kushindwa hata kujilisha. Hesabu iliporekebishwa kwa umri, wazee wapatao sita katika kila mia walikuwa nayo. Kiwango hicho kinakaribiana na cha nchi tajiri. Ile dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, na kwamba bibi wa kijijini anayelima na kuzungukwa na wajukuu haupati, haikuwa na msingi.

Kazi ile ilizaa pia kipimo kinachoitwa IDEA. Vipimo vingi vya zamani vilimtaka mgonjwa aandike sentensi au achore, na mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu alionekana mgonjwa kabla hajaulizwa chochote. Katika IDEA mzee hutaja majina ya wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Muuguzi wa Nansio, kwetu kisiwani Ukerewe, anaweza kukitumia mezani pake bila umeme wala mashine. Lakini asikimbilie jibu. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu akachanganyikiwa Alhamisi huenda ana malaria, maambukizi ya mkojo, au dawa aliyopewa haimfai. VVU, sonona na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri navyo huvuruga akili, na vyote hivyo vina tiba.

Kwa demensia yenyewe, mojawapo ya tiba zinazotangazwa sana miaka hii ni lekanemabu, dawa inayoondoa protini ya amiloidi inayojikusanya kwenye ubongo wa mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya demensia. Jaribio lake kubwa, lililochapishwa mwishoni mwa 2022, lilihusisha wagonjwa 1,795 kwa miezi 18. Waliopata dawa walizorota kwa kasi ndogo kwa asilimia 27 kuliko wasioipata. Asilimia hiyo ina sura kubwa kuliko ukweli wake: kwenye kipimo cha alama 18, tofauti ilikuwa chini ya nusu alama, na makundi yote mawili yaliendelea kuzorota. Katika jaribio hilo dawa ilipitishwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili. Kwa kuwa inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu, mgonjwa lazima apigwe picha za MRI mara kwa mara. Tena inafaa tu ugonjwa ukiwa mwanzoni. Familia ya Nansio, ambayo kuifikia Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ni safari ya meli ya saa kadhaa, haina sababu ya kujilaumu kwa kuikosa.

Lililofanyika Hai baadaye lina uzito zaidi kwetu, ingawa lilianzia mbali. Profesa Aimee Spector na wenzake wa London walichapisha mwaka 2003 matokeo ya tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi: vikao 14, viwili kwa wiki, vya mazungumzo, nyimbo, michezo, habari za utotoni, vyakula, matumizi ya fedha. Tiba hiyo ilirekebishwa iwafae Watanzania na Wanigeria, kisha ikajaribiwa Hai kwa wazee 34 wenye demensia ya awali na ya kati. Hakuna aliyenyimwa. Vikundi vilianza kwa kupishana, mithili ya mashua moja inayovusha abiria kwa zamu, na wale waliokuwa bado wanasubiri gatini wakalinganishwa na waliokwisha kuvuka. Uwezo wa akili uliimarika kwa kiasi kikubwa, wasiwasi ukapungua, na vurugu za tabia zinazochosha nyumba nazo zikapungua. Wazee 34 ni wachache na matokeo hayo yanahitaji kurudiwa kwingine. Ukerewe ingefaa sana: kikao cha kuanika dagaa, kikao cha kusuka nyavu, maswali yakiulizwa kwa Kikerewe na Kijita.

Tufike sasa kwa yule anayeuguza, ambaye tafiti nyingi humwita ili atoe habari za mgonjwa, kisha humruhusu aende. Mara nyingi ni binti au mke wa mtoto wa kiume. Anaamka usiku kumrudisha mama mkwe aliyetoka nje, anafua matandiko, na asubuhi bado ana shamba la mihogo. Kuna pia hofu ambayo kanda yetu inaifahamu. Ng'ambo ya maji, Usukumani, vikongwe wameuawa kwa miongo mingi wakidaiwa kuwa wachawi, macho yao mekundu yakifanywa ushahidi, ilhali wekundu huo huletwa na moshi wa jikoni. Bibi anayetangatanga usiku akisema maneno yasiyoeleweka yuko hatarini. Kumweleza jirani kwamba huo ni ugonjwa kunaweza kuokoa uhai wake.

Je, msaada kwa mlezi unapimika? Unapimika. Huko Goa, India, familia 81 zilishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2008. Watu wa kawaida walifundishwa kwa wiki moja, wakawa wanazitembelea nyumba wakiwa chini ya usimamizi wa wataalamu. Waliwaeleza walezi ugonjwa ni nini na namna ya kuzikabili tabia ngumu. Baada ya miezi sita, afya ya akili ya walezi waliotembelewa ilikuwa bora kuliko ya waliokuwa wakisubiri.

Maarifa yenyewe si mazito. Mama akiuliza, "Baba yenu hajarudi ziwani?" na baba alifariki zamani, kumkatalia kila mara ni kumfisha mume wake upya kila siku. Binti anaweza kumwambia, "Mama, hebu nieleze, alikuwa akivua wapi?" Mama huanza kusimulia, na hofu hutulia.

Utafiti ninaoutamani Nansio ungeanzia hapo. Ungewatumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanabisha hodi majumbani, kwa kuwafundisha kama walivyofundishwa wale wa Goa. Ungehesabu saa za usingizi za binti, vibarua alivyoviacha, nauli aliyolipa, mara ngapi kaka zake walishika zamu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Nauli ya anayemsindikiza mzee hospitalini na kazi anayoiacha siku hiyo bado ni mzigo wa familia, na mtafiti anaweza kuanza kwa kuviandika vyote viwili kwenye dodoso lake.